Kadi ya hongera niliyoichonga kwenye ndala yangu, Mutsamudu, enzi za mapinduzi

Wakuu, salaam kwenu nyote, wa bara na wa visiwani.

Mimi ni msomaji wa siku nyingi humu, ila kuandika ndiyo mara yangu ya kwanza, kwa hiyo mnivumilie. Nitakachosimulia kilinitokea mimi mwenyewe, sikusimuliwa na mtu. Na shahidi yupo hapa pembeni, anasubiri nitie chumvi anirekebishe.

Kisa hiki kimeamshwa na mjukuu wangu.

Shangazi yake kamtumia kutoka Marseille kisanduku cha kutengenezea kadi. Ndani kuna mihuri midogo ya maua, wino wa rangi kwa rangi, na karatasi za nakshi zilizokatwa tayari. Rafiki yake kafaulu mtihani wa kumaliza sekondari, naye anataka kumpa kadi ya hongera aliyoitengeneza kwa mkono.

Nikasogea kuangalia. Akaniambia, "Bakoko, hii dizaini ya vijana. Wewe kaa tu uangalie."

Bakoko huku kwetu ni babu.

Mimi! Niambiwe nikae niangalie mtu akigonga muhuri!

Nilicheka mpaka nikakohoa. Wakuu, mihuri ndiyo iliyonioza mke.

Haya, tuanze mwanzo.

Mimi ni Mngazija, lakini nimezaliwa na kukulia Unguja, ndiyo maana mnanielewa. Baada ya uhuru wa Komoro, miaka ya sabini, nilirudi Moroni, kisiwani Ngazija, kwa ndugu wa mama yangu nikiwa kijana, sina kazi, sina hata baiskeli. Nikaingia kwa Fundi Mhoma, mchonga mihuri, kwenye kibanda nyuma ya soko.

Kwa wasiojua, ile ilikuwa serikali ya mapinduzi. Mambo yote yaliwekwa mikononi mwa vijana. Kila mtaa una komiti, kila kijiji kina komiti, wanafunzi wana komiti yao. Na komiti bila muhuri ni watu wamekaa tu wanapiga soga.

Kwa hiyo sisi tulichonga mihuri kama watu wanaochoma mandazi mwezi wa Ramadhani. Mpira, wembe, kisu kidogo, na jicho.

Na mimi jicho ninalo. Sijisifu, nasema ukweli. Ndani ya muda mfupi Fundi Mhoma alikuwa ananiachia kazi zote zenye nakshi, yeye anabaki na herufi.

Siku moja akaja binti kuchukua muhuri wa komiti ya wanafunzi. Jina lake Zaliha, mwenyeji wa Mutsamudu, kisiwa cha Ndzuani, alikuwa Moroni kwa masomo. Akautazama muhuri, akasema, "Mwezi huu umekaa kama ndizi."

Nikachonga upya.

Akarudi tena. Safari hii mwezi ulikuwa mwezi kweli, lakini eti nyota zimebanana.

Hapo nikajua hakufuata muhuri.

Tukawa tunazungumza pale kwenye meza, mbele ya Fundi Mhoma, mambo ya heshima. Baadaye masomo yakavurugika kama mengi yalivyovurugika wakati ule, ikabidi arudi kwao. Siku ya kuaga nilijikaza nikamwambia nilichokuwa nacho moyoni.

Akanijibu, "Mimi sina jibu. Kwetu anayejibu ni baba. Dada yangu Sitti ataolewa karibuni. Njoo uonekane. Na usije mikono mitupu."

Basi. Akaondoka.

Wakuu, hapo ndipo penyewe. Kulikuwa na binamu yake mmoja ambaye jina lake lilikuwa limeshaanza kutajwatajwa pale nyumbani kwao. Mimi nilikuwa na nafasi moja tu ya kuonekana mbele ya yule baba. Nikiiharibu, biashara imekwisha.

Sasa mikono isiwe mitupu, lakini iwe na nini? Serikali ilikuwa imepiga marufuku harusi kubwa. Dhahabu hapana, karamu za siku nyingi hapana, ng'ombe wa kuchinja kundi zima hapana. Mtu aliyefika na zawadi kubwa angemtia mwenye shughuli matatani.

Nikasema, nitatengeneza kadi. Kadi haina ubaya. Lakini iwe kadi ambayo mtu hajawahi kuiona.

Karatasi ya nakshi niliipata hivi. Wafaransa wengi walikuwa wameondoka, na samani zao zikawa zinazagaa kila mahali. Ndani ya droo za makabati yao walikuwa wametandika karatasi za maua, nzuri mno. Fundi Mhoma alikuwa na kabati la namna hiyo. Nikalowesha droo kidogo kidogo, nikabandua karatasi taratibu kama unavyobandua bandeji kwenye kidonda cha mtoto. Maua ya buluu na majani ya kijani.

Gundi, uji wa wanga wa muhogo. Juu yake nikagonga mihuri niliyoichonga mwenyewe: ua la mlangilangi katikati, vikonyo vya karafuu pembeni pande zote, na mwezi juu. Mwezi wenyewe, si ndizi. Fundi Mhoma, ambaye alikuwa na mwandiko mzuri, akaniandikia maneno ya pongezi na dua kwa herufi za Kiarabu.

Ilipokauka niliiweka mezani nikarudi nyuma kuitazama. Nilijiona nimeshaoa.

Nikachukua boti kwenda Mutsamudu. Kadi nimeifunga kwenye kitambaa ndani ya shati, na kwenye mkoba nimebeba mihuri yangu, wino na kisu, kwa sababu fundi haachi vifaa vyake nyuma.

Hilo lilikuwa kosa dogo. Kubwa linakuja.

Bandarini vijana wa komiti wakapekua mkoba.

"Hii nini?"

"Mihuri."

"Ya nani?"

"Yangu."

"Muhuri hauwi wa mtu. Muhuri ni wa serikali."

Nikawaambia, ndugu zangu, hili ni ua la mlangilangi, hii ni karafuu, hakuna serikali yenye muhuri wa karafuu. Wakatazamana. Mmoja akaupuliza pumzi ule wa mlangilangi, akaugonga kwenye kiganja chake, akaupenda. Nikajua siupati tena. Wakachukua mihuri, wino na kisu, wakanitakia matembezi mema.

Sikuumia sana. Kadi ilikuwa salama kifuani.

Nikafikia kwa Bi Raukia, shangazi yake Fundi Mhoma, mjane anayeishi ndani ya mji mkongwe, chini ya ngome. Mama mwenye maneno makali na mkono mzuri wa jikoni. Akanilisha mataba, yaani kisamvu cha nazi, na wali, akaniuliza habari za Moroni, akanicheka lafudhi. Wandzuani hawaachi kuwacheka Wangazija, na sisi pia hatuwaachi.

Kesho yake alasiri ikafungwa ndoa. Wanaume tulikaa katika sebule ya nyumba mpya ya Sitti. Nyumba ya mawe, imepakwa chokaa, ina vidaka ukutani na mlango wa kuchonga. Kwa shughuli iliyoandaliwa miaka mingi, watu walikuwa wachache kusikitisha. Kahawa, sharubati, mkate wa sinia, basi. Baba wa bibi harusi, Mzee Kombo, mfanyabiashara wa karafuu, alikuwa amekaa wima, uso mkavu. Pembeni yake Mjomba Halidi, kaka wa mama yao akina Sitti, mtu mnene mwenye tabasamu.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipoula wa chuya.

Kwetu Ngazija, mkubwa wa familia ya mama ni mjomba. Nyumba ya binti hujengwa na upande wa mama yake, wajomba na kaka wakichangia. Baba ni mtu wa heshima, tunampenda, lakini kwenye ile nyumba yeye ni kama mgeni aliyekaribishwa vizuri. Ukitaka kupongeza, unampongeza mjomba. Mtoto mdogo anajua hilo.

Nikasimama. Nikatoa kitambaa, nikatoa kadi. Watu wakashusha vikombe. Nikapita mbele ya Mzee Kombo, nikampa Mjomba Halidi kwa mikono miwili, nikasema kwa sauti ya kujiamini, "Hongera, mjomba, kwa nyumba na kwa bibi harusi."



Mjomba Halidi alifurahi, hakuweza kujizuia, akainua kadi watu waione. Wengine wakaanza kukohoa.

Mzee Kombo akaniuliza kwa upole kabisa, "Mgeni, nyumba hii uliyoipongeza, unadhani imejengwa na nani?"

Mimi bila wasiwasi, "Na mjomba, bila shaka."

Wakuu!

Mzee Kombo alitazama kahawa yake. Mzee mmoja jirani yangu akaniinamia sikioni, "Kijana, huku baba ndiye anayemjengea binti. Huyu amejenga tangu Sitti yuko mgongoni mwa mama yake."

Mjomba Halidi mwenyewe, muungwana, akataka kumpa shemeji yake ile kadi. Mzee Kombo akaisukuma kwa kidole. "Ina mwenyewe," akasema.

Nilitamani sakafu ipasuke. Fikiria hali ya yule mzee. Karamu aliyoiota kanyang'anywa na serikali. Imebaki nyumba peke yake, naye anakuja kijana wa Moroni kumnyang'anya hata hiyo nyumba, mbele ya watu, kwa kadi nzuri.

Nilirudi kwa Bi Raukia sina hamu ya kula. Yeye alikuwa amekaa upande wa wanawake, nyuma ya pazia, na kila neno walilisikia.

"Zaliha yuko hivi," akasema, akaziba uso kwa viganja. "Kisha akaniambia nikupe ujumbe. Amesema umejijengea ukuta, sasa utafute mlango mwenyewe."

Nikamuuliza, amekasirika?

"Alikuwa anacheka. Ila machozi yalikuwa yanamtoka."

(Samahani wakuu, nilikatiza kidogo, adhana. Naona mkuu mmoja ameshauliza kwa nini sikwenda tu kuomba radhi. Mkuu, ningeomba radhi kwa mdomo uleule ulioharibu? Mtu wa mikono hujitetea kwa mikono.)

Boti ya kurudi Moroni ilikuwa karibu kuondoka. Sina muhuri, sina wino, sina kisu, sina karatasi ya nakshi.

Lakini nina jicho.

Asubuhi nikaenda kwenye kichochoro cha ile nyumba, nikasimama mbele ya mlango. Nikausoma mlango ule kama mtu anayesoma msahafu. Mafundo ya kamba yaliyochongwa pembeni, misumari, na juu ya boriti ua moja la duara. Nikaona kitu. Ua lile lilikuwa limepungukiwa jani moja. Mahali pa jani pamebaki patupu.

Kina mama wakawa wanapita wananitazama kwa jicho baya. Mmoja akaniuliza kama nimepotea. Nikasema ndiyo.

Nikamuuliza Bi Raukia habari za lile ua.

"Hilo kalichonga Kombo mwenyewe," akasema. "Mlango mzima ni kazi ya seremala, lakini ua akasema atalichonga yeye. Patasi ikateleza. Watu wote wakamwambia lirekebishwe, akakataa."

Nikajua nimeshapata mlango.

Mpira? Nilivua ndala yangu ya kulia, nikakata kisigino. Bi Raukia akapiga kelele, "Umerukwa na akili?" Nikamwomba wembe. Akanipa huku akisoma dua.

Nikachonga mlango. Kamba pembeni, misumari, ua juu, jani moja halipo. Kisha kwenye kipande kingine nikachonga jiwe moja dogo la kujengea ukuta, na kwenye kingine ua moja kutoka kwenye shiromani ya Bi Raukia, ile nguo wanayojifunga wanawake wa Ndzuani.

Wino, masizi ya sufuria na asali kidogo ili yashike. Nyekundu, mbegu za mzingefuri. Kidau cha wino, kopo la samaki lenye kitambaa ndani. Karatasi ya nakshi nikaitengeneza mwenyewe, nikagonga ua la shiromani kwa rangi nyekundu mstari kwa mstari mpaka karatasi ya daftari ikawa kama kitambaa. Nikaibandika juu ya ubao wa boksi la sabuni.

Kisha katikati nikajenga nyumba. Gonga jiwe, gonga jiwe, gonga jiwe. Mkono ukachoka, nikaelewa kidogo sana kazi ya miaka ya yule mzee. Mwisho nikagonga mlango.

Chini nikaandika kwa mwandiko wangu mwenyewe, ambao si mzuri: Hongera, Baba, kwa nyumba uliyoijenga.

Hakuna dhahabu, hakuna mlangilangi. Ukiiweka karibu na ile ya kwanza, hii ni kadi ya masikini. Lakini mimi nilijua nimefanya kazi.

Alasiri nikamkuta Mzee Kombo amekaa peke yake kwenye baraza ya nyumba mpya. 

"Kwezi, baba," nikasema. Ndiyo salamu ya mdogo kwa mkubwa huku.

"Mbona," akaitikia, kama desturi, bila kuniangalia.

Nikampa kadi kwa mikono miwili. Nikanyamaza. Safari hii nilikuwa nimejifunza kunyamaza.

Akavaa miwani. Akatazama mawe. Akapitisha kidole kwenye mlango, akafika juu, akasimama.

"Ua limepungua jani."

"Ndivyo lilivyo, baba."

Akainua macho akautazama mlango wa kweli nyuma yake, akarudi kwenye kadi. Akasema taratibu, "Wote waliniambia nilirekebishe. Nikawaambia, mwanangu atakapokuwa mzee atapita hapa atajua mkono wa baba yake uliteleza wapi."

 

Akashusha macho miguuni kwangu. "Na wewe, ndala yako imepatwa na nini?"

"Umeishika hapo, baba."

Alichukua muda kuelewa. Kisha akacheka. Wakuu, mzee alicheka mpaka akavua miwani akafuta macho. Nyuma ya dirisha nikasikia mtu mwingine anacheka, nikaijua sauti.

"Unao huo muhuri?" akauliza.

Nikautoa mfukoni, na kopo la wino. Akauchukua, akaugeuzageuza, akauchovya wino mwingi kuliko inavyotakiwa. Akaiweka kadi pajani. Pembeni ya mlango wangu, pale palipokuwa na ukuta mtupu, akaukandamiza kwa dole gumba.

Ukatoka mlango wa pili. Umeinama upande, wino umevuja.

Akanirudishia muhuri. "Nina mabinti wawili," akasema. "Waambie wazee wako waje."

Akasimama akaingia ndani na kadi yake.

Wakuu, nilitembea kurudi kwa Bi Raukia na ndala isiyo na kisigino, kichochoro chote kinanitazama, na sikuona haya hata kidogo.

Kichekesho cha mwisho. Siku ya kuondoka, komiti ya bandarini ilitakiwa kunipa kibali cha kusafiri. Kijana akaandika, akachovya muhuri, akagonga kwa nguvu zote. Nikatazama. Ua la mlangilangi, kazi ya mkono wangu. Nikamwambia muhuri huu umechongwa vizuri sana. Akasema, "Wa serikali huo."

Serikali ile haikudumu. Nyingine zikaja, nyingine zikaenda. Mzee Kombo alijenga nyumba ya Zaliha polepole, kila msimu wa karafuu mawe machache, na sisi tulioana kabla ya paa. Mlango ulipofika, seremala alichonga kila kitu isipokuwa ua la juu. Hilo mzee akasema ni lake. Mkono wake wakati huo ulikuwa umeshatulia, patasi haikuteleza. Akalichonga lote zuri, kisha akachukua patasi akabandua jani moja makusudi.

Sasa ameshatangulia, Mungu amrehemu. Uzi huu nauandikia ndani ya mlango huo. Zaliha ndiye huyu shahidi, na anasema niongeze kwamba ule mwezi wa kwanza ulikuwa ndizi kweli.

Nilichojifunza ni hiki: kadi nzuri haiokoi hongera iliyokwenda kwa mtu asiyehusika. Kabla ya kuandika jina, uliza kwanza nani kajenga.

Mjukuu wangu alikuwa amesimama nyuma yangu nikiandika haya, sikujua. Ameondoka kimya. Nimemwona mezani, amesukuma kile kisanduku cha Marseille pembeni, anachukua karatasi nyingine. Kadi ya rafiki yake ameshaimaliza. Hii ya pili nimeuliza ni ya nani.

"Ya mama yake," akasema. "Ndiye aliyekuwa anamwamsha alfajiri asome."

Kisha akanitazama miguuni. "Bakoko, hizo ndala zako bado unazihitaji?"

Nimeshampa ya kulia.

Karibuni wakuu, nanyi mtwambie: ni hongera gani mliwahi kuipeleka kwa mtu asiyekuwa mwenyewe, na mlijinasuaje?